Maswali ya Wasomaji: Kujiandaa kwa Mtihani wa Kujiunga na Masomo ya Juu ya Saikolojia

Barua zilizotufikia kutoka Arusha na Moshi katika wiki za karibuni zinahusu kwa sehemu kubwa jambo moja, nalo ni mtihani wa GRE, ambao vyuo vikuu vya Marekani vimeutumia kwa miaka mingi kuwachuja waombaji wa shahada za uzamili na uzamivu. Wanaouliza ni wahitimu wa saikolojia, walimu wa ushauri na unasihi, wauguzi na hata wazazi. Nimechagua barua tano ambazo, nikizijibu vizuri, zitakuwa zimewajibu na wengine. Nimezifupisha bila kubadili maana.

Shikamoo, mwalimu. Nilihitimu shahada ya kwanza ya saikolojia mwaka jana, na wastani wangu ni 4.1. Ninaishi Soweto, Moshi, na ninajitolea katika shirika linalohudumia vijana. Nia yangu ni kusomea uzamivu wa saikolojia ya tiba nchini Marekani. Rafiki yangu mmoja ananihimiza nilipie mapema GRE ya somo la saikolojia, na mwingine anasema mtihani huo umekwisha kufutwa. Nimsikilize nani?
*Binti wa Soweto, Moshi*

Marahaba, binti yangu. Usimsikilize yeyote kati yao kabla hujasoma masharti ya kila chuo unachokitaka, kwa sababu kila mmoja amekueleza nusu ya habari.

Mitihani inayoitwa GRE ni ya aina mbili, na watu wengi huichanganya. Wa kwanza ni GRE ya jumla, ambayo hufanywa na waombaji wa fani zote. Tangu Septemba 2023 mtihani huo ulifupishwa na sasa unachukua muda usiofika saa mbili: insha moja ya dakika 30, sehemu mbili za lugha ya Kiingereza na sehemu mbili za hesabu. Lugha na hesabu kila moja hupewa alama kati ya 130 na 170, na insha hupewa kati ya 0 na 6. Hesabu zake hazivuki kiwango cha sekondari, ingawa maswali yametungwa kwa namna inayomtaka mtu afikiri haraka. Wa pili ni GRE ya somo, na saikolojia ni miongoni mwa masomo machache yaliyobaki baada ya mitihani ya baiolojia, fasihi ya Kiingereza na kemia kuondolewa. Bila shaka habari za kuondolewa kwa mitihani hiyo ndizo zilizomfanya rafiki yako wa pili aamini kwamba na wa saikolojia umefutwa. Haujafutwa. Una maswali yapatayo 144 ya kuchagua jibu moja kati ya matano, unafanywa kwa kompyuta kwa saa mbili, na alama zake huanzia 200 hadi 990.

Lakini kuwapo kwa mtihani hakumaanishi kwamba wewe unauhitaji. Tangu mwaka 2020, janga la korona lilipofunga vituo vya mitihani, idara nyingi za saikolojia za Marekani ziliacha kudai GRE ya jumla, na nyingi hazikurudi nyuma. Zinazodai GRE ya somo ni chache zaidi. Ukisoma kurasa za vyuo utakutana na kauli za aina tatu, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Chuo kinachosema mtihani ni wa lazima hakina mjadala. Chuo kinachosema ni wa hiari kitaangalia alama zako ukizituma, kwa hiyo unatuma zile tu zinazokuongezea nguvu. Chuo kinachosema hakipokei alama hizo hakitazisoma hata zikiwa 900, na fedha uliyoilipa kwa ajili yake itakuwa imepotea. Chukua daftari, andika vyuo vinane au kumi unavyovitaka kwa dhati, na mbele ya kila kimoja andika kauli ipi kati ya hizo tatu inatumika kwa programu yako hasa, si kwa chuo kizima, maana idara mbili za chuo kimoja huweza kuwa na masharti tofauti. Ukimaliza utajua kama una sababu ya kulipa.

Kwa mtu wa hali yako mtihani wa hiari unaweza kusaidia. Kamati ya udahili iliyoko Ohio au Oregon huenda haijawahi kusoma transkripti ya chuo cha Tanzania, na alama nzuri za GRE ya somo huwaonyesha kwa kipimo wanachokifahamu kwamba uliyoyasoma ni yale yale waliyoyasoma wanafunzi wao. Na hapa niseme neno kuhusu hiyo 4.1 yako. Usiibadilishe mwenyewe iwe ya mizani ya Marekani, ambako alama ya juu ni 4.0. Iandike kama ilivyo, ueleze kwamba ni kati ya 5.0 na kwamba ni daraja la pili la juu, kisha uwaachie taasisi za tathmini kazi ya kulinganisha. Nimeona waombaji wazuri wakitiliwa shaka kwa sababu ya hesabu walizojifanyia wenyewe.

Kumbuka pia kwamba kwa uzamivu wa saikolojia ya tiba mtihani si kitu kizito kuliko vyote. Kamati hutafuta mtu aliyekwisha kushiriki utafiti, ambaye mambo anayotaka kuyachunguza yanaoana na ya mhadhiri atakayemsimamia, na ambaye wadhamini wake, yaani wanaomwandikia barua za kumpendekeza, wanamfahamu kikazi. Hicho unachokifanya kwa vijana wa Moshi kina thamani kubwa endapo utaweza kukigeuza kuwa swali la utafiti. Iwapo wiki zako ni chache na unalazimika kuchagua kati ya kusoma sura nyingine ya kitabu na kumsaidia mhadhiri wako wa zamani kuchambua takwimu za utafiti wake, mimi ningekushauri umsaidie mhadhiri.

Kuhusu muda, programu nyingi za uzamivu hufunga maombi mwanzoni mwa Desemba, na mtihani wa somo hutolewa katika miezi ya Septemba, Oktoba na Aprili tu. Anayeomba mwaka huu afanye Septemba au Oktoba, na Septemba ni salama zaidi kwa sababu alama huchukua wiki kadhaa kutoka.

Mwalimu, salaam. Mimi ni mwalimu wa ushauri na unasihi katika shule ya sekondari huku Njiro, Arusha. Nimeamua kufanya GRE ya saikolojia kwa kuwa chuo ninachokiomba kinaidai. Nimeyasoma madesa yangu yote ya chuo mara mbili na kuyapigia mistari kwa kalamu za rangi, na nikiwa ninasoma ninaona ninaelewa kila kitu. Nikifunga daftari, nusu ya mambo hayapo. Nina saa moja na nusu tu kila jioni. Nifanye nini?
*Mwalimu wa Njiro*

Mwalimu mwenzangu, tatizo lako limechunguzwa na wanasaikolojia wenyewe kwa zaidi ya miaka mia moja, na ningependa uutumie uchunguzi huo, kwa kuwa mtahiniwa wa saikolojia ana bahati ambayo mtahiniwa wa fizikia hana: somo analojiandaa nalo ndilo linalomfundisha namna ya kujiandaa.

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa katika saa za mwanzo na kwa kasi ndogo baadaye, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunashinda kurudia kwingi kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma kisha wakavisoma tena. Wengine walivisoma mara moja kisha wakaandika kwenye karatasi tupu kila walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yalikuwa yamegeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56 na waliorudia kusoma asilimia 42. Jambo la kuzingatia ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Hivyo ndivyo ulivyo na kalamu zako za rangi. Macho yameyazoea maandishi, na mazoea hayo unayahisi kama ujuzi, ilhali kazi ya kuyatafuta mambo kichwani bila msaada wa daftari hujaifanya hata mara moja.

Kwa hiyo geuza jioni zako. Soma kwa dakika thelathini, funga kitabu, kisha uandike kwa dakika ishirini kila unachokumbuka, pamoja na majina na sababu zake. Fungua kitabu usahihishe kwa kalamu nyekundu. Muda unaobaki utumie kujiuliza mambo ya siku tatu zilizopita na ya wiki iliyopita kwa vikadi, upande mmoja swali na upande mwingine jibu. Mwanzoni utaona aibu ya kushindwa mambo uliyodhani unayajua, na wengi huacha hapo wakirudi kwenye kusoma tu, kwa sababu kusoma kunatuliza moyo. Usiache. Ugumu unaousikia ndio unaofanya kazi.

Kabla ya hayo yote, pakua kitabu cha mazoezi ambacho ETS, taasisi inayotunga mtihani huu, hukitoa bure kwenye tovuti yake, ukifanye chote kwa saa halisi kabla hujasoma chochote zaidi. Wengi huitunza pasti pepa hiyo hadi wiki ya mwisho. Mimi naiona ni hasara, kwa sababu kazi yake kubwa ni kukuonyesha mapema ulipo. Sahihisha kwa kugawa makosa yako katika maeneo sita ambayo mtihani unayapima. Saikolojia ya kibaiolojia huchukua asilimia 17 hadi 21 ya maswali, utambuzi, yaani kumbukumbu, lugha, fikra, hisi na kujifunza, asilimia 17 hadi 24, saikolojia ya tiba asilimia 15 hadi 19, upimaji na mbinu za utafiti kiasi kama hicho, saikolojia ya jamii na ya makuzi asilimia 12 hadi 14 kila moja.

Tazama uzito huo kwa makini, mwalimu. Mtu wa ushauri na unasihi hupenda makuzi na tiba, na madesa yake huwa yamejaa hayo. Lakini baiolojia na utambuzi kwa pamoja ni zaidi ya theluthi moja ya mtihani. Kama huwezi kueleza bila kuangalia popote tofauti ya kazi ya eneo la Broca na ya eneo la Wernicke katika ubongo, au kwa nini dawa zinazozuia dopamini hupunguza dalili za skizofrenia, basi huko ndiko jioni zako zinakotakiwa kwenda. Tafuta kitabu kimoja kikubwa cha utangulizi wa saikolojia cha chuo kikuu, toleo la karibuni, ukifuate mwanzo hadi mwisho. Kimoja kinatosha, maana mtihani huu unapima upana wa somo kuliko kina chake.

Nikuonye pia kuhusu kukariri fasili. Maswali mengi hukupa kisa na kukutaka utambue dhana iliyomo. Chukua mfano wa uimarishaji hasi, ambao watahiniwa wengi huudhani kuwa ni adhabu. Mwanafunzi wa bweni anatandika kitanda mapema ili matroni aache kumgombeza. Tabia ya kutandika inaongezeka kwa sababu kitu kichungu kinaondolewa, na huo ndio uimarishaji hasi. Matroni akimnyima ruhusa ya kwenda mjini kwa kuchelewa kuamka, na kuchelewa kukapungua, hiyo ni adhabu. Jiulize maswali mawili tu: je, tabia inaongezeka au inapungua, na je, kitu kimeletwa au kimeondolewa? Ukishika hayo, swali lolote la B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza uimarishaji na adhabu, halitakutisha, hata likivaa nguo gani. Tunga visa vya namna hiyo kutoka shuleni kwako. Unavyo vingi kuliko mwandishi yeyote wa vitabu vya mazoezi.

Majaribio makubwa nayo yashike kwa hoja yake, si kwa jina na mwaka peke yake. Henry Molaison, aliyejulikana kwa miaka mingi kwa herufi H.M., alifanyiwa upasuaji mwaka 1953 kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu. Baada ya hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio, lakini aliweza kujifunza kuchora umbo kwa kulitazama kwenye kioo, akiboreka siku hadi siku huku hakumbuki kamwe kwamba amewahi kujaribu. Hoja ni kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Mary Ainsworth, ambaye kila mtahiniwa hulijua jina lake kwa sababu ya utafiti wa Baltimore, Marekani, kuhusu mfungamano wa mtoto na mama, alianza kuyaona mambo hayo katika vijiji vya jirani na Kampala miaka ya 1950, akiwatembelea akina mama wa Kiganda na watoto wao majumbani. Ninalitaja hilo kwa makusudi. Wasomaji wetu wengi huisoma saikolojia kama habari za watu wa mbali, na kitu kinachosomwa kwa umbali hakishiki. Sehemu ya msingi wa nadharia ya mfungamano ilijengwa hapa hapa Afrika Mashariki, kwa watoto kama wa kwetu.

Mwalimu, mimi ninaogopa takwimu. Chuoni nilizipita kwa shida, na kwenye mazoezi ya GRE ninaruka maswali yote ya utafiti. Je, nikifanya vizuri mengine nitafidia?
*Kijana wa Sakina, Arusha*

Hutafidia, kijana wangu, na kuyaruka ni kuachia maswali zaidi ya ishirini ambayo kwa maoni yangu ni rahisi kuliko ya ubongo. Mtihani hauna hesabu ndefu. Unataka kujua kama unaelewa kinachofanyika katika utafiti.

Anza na tofauti ya uthabiti na uhalali wa kipimo. Ukikutana sokoni Kiboriloni na mizani inayozidisha gramu 200 kila mara, mizani hiyo ina uthabiti, kwa kuwa ukipima nyanya zile zile mara kumi itakupa jibu lile lile. Haina uhalali, kwa kuwa jibu lenyewe si uzito wa nyanya zako. Dodoso la wasiwasi linaweza kuwa hivyo hivyo: likatoa alama zile zile leo na wiki ijayo, kumbe linapima uchovu. Kutoka hapo utaona mwenyewe kwa nini kipimo kisicho na uthabiti hakiwezi kuwa na uhalali, na swali la namna hiyo hutokea mara kwa mara.

Kisha shika aina mbili za makosa katika kupima nadharia tete, yaani dhana ambayo mtafiti anataka kuihakiki. Kosa la aina ya kwanza ni kudai kwamba kuna tofauti wakati haipo, na kosa la aina ya pili ni kushindwa kuiona tofauti iliyopo. Mtafiti anapoweka kiwango cha 0.05, anakubali hatari ya asilimia 5 ya kufanya kosa la aina ya kwanza endapo kwa kweli hakuna tofauti. Akikishusha kiwango hicho kuwa 0.01 bila kuongeza washiriki, anapunguza kosa la kwanza na kuongeza la pili. Akiongeza washiriki, uwezo wa utafiti wake wa kuiona tofauti iliyopo unakua. Ukiweza kumweleza mdogo wako wa kidato cha sita mambo hayo bila kusitasita, umeyaelewa.

Jambo la tatu ni lile la uhusiano na usababishi, ambalo kila mtu hulisema na wachache hulitumia. Tuseme mtafiti amekuta kwamba wanafunzi wanaojisomea maktaba ya mkoa wana alama za juu kuliko wanaosoma nyumbani. Hajathibitisha kwamba maktaba ndiyo inayowapandisha. Huenda wanaokwenda maktaba walikuwa na bidii tangu awali, au wanaishi karibu na mjini, au hawana wadogo wa kulea jioni. Ili adai usababishi angepaswa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine maktaba na wengine nyumbani. Angalia pia kwamba kuwagawa kwa bahati nasibu ni tofauti na kuwachagua kwa bahati nasibu kutoka katika jamii nzima: la kwanza linakuruhusu kuzungumzia sababu, la pili linakuruhusu kuzungumzia jamii. Watunzi wa mtihani wanaipenda sana tofauti hiyo.

Namba chache ni lazima uzikariri. Takwimu zilizotawanyika kwa umbo la kengele huwa na takriban asilimia 68 ya watu ndani ya mkengeuko sanifu mmoja (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) kila upande wa wastani, na asilimia 95 ndani ya miwili. Vipimo vya akili vinavyotumika sana vina wastani wa 100 na mkengeuko sanifu wa 15, kwa hiyo mwenye alama 130 amewazidi watu karibu asilimia 98. Hesabu hiyo unaifanya kichwani kwa sekunde tano.

Baada ya hapo, kila Jumamosi soma sehemu ya mbinu katika makala moja ya utafiti. Taja kigeu huru, yaani kile mtafiti anachokibadili, kigeu tegemezi, yaani kile anachokipima, namna washiriki walivyopatikana, na maelezo mengine yanayoweza kuyafafanua matokeo yale yale. Miezi mitatu ya kazi hiyo itakufaa mtihanini na itakufaa zaidi siku utakapoandika pendekezo lako la utafiti.

Mheshimiwa mwalimu, mwanangu amemaliza sosholojia na sasa anataka nimlipie huo mtihani wa Marekani ili asome saikolojia. Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi, fedha siyo nyingi. Je, hakuna njia nyingine?
*Mzazi, Marangu*

Zipo, mzee wangu, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kulipa. Ada ya GRE ya jumla peke yake ni dola 220 za Marekani, na bado kuna mtihani wa lugha na ada za maombi ya kila chuo. Vyuo vikuu vya hapa nchini havidai GRE. Huangalia daraja la shahada ya kwanza na masomo aliyoyasoma, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimekuwa kikitoa shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba. Vyuo vya Uingereza navyo kwa kawaida havidai mtihani huu. Mwanao aulize kwanza kama shahada ya sosholojia inakubaliwa katika programu anayoitaka, kwa sababu nyingi zitamtaka awe na masomo kadhaa ya saikolojia.

Kama moyo wake uko Marekani kweli, ajue kwamba uzamivu mara nyingi huja na msamaha wa ada na posho ya kujikimu kwa kazi ya kufundisha au utafiti, ilhali uzamili mara nyingi mtu hujilipia. Na kwa aliyetoka fani nyingine, GRE ya somo huwa na maana zaidi, kwa kuwa inaonyesha kwamba amejifunza saikolojia hata kama hakuisomea. Azungumze pia na washauri wa EducationUSA katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, ambao kazi yao ni kuwaongoza waombaji.

Shikamoo, mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Moshi na nina zamu za usiku. Nimejiandikisha kufanya GRE ya saikolojia nikiwa nyumbani. Ninachohofia ni umeme kukatika na muda kunipita, kwa sababu kwenye mazoezi huwa nabakiwa na maswali thelathini.
*Muuguzi, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Nianze na muda, kwa sababu huo uko mikononi mwako. Maswali 144 kwa dakika 120 ni sekunde 50 kwa swali, na maswali yote yana uzito sawa. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama. Kwa hiyo pita mtihani wote mara ya kwanza ukijibu unayoyajua, na yale yanayokusimamisha chagua jibu la kubahatisha, uyawekee alama ya kuyarudia, usonge mbele. Ifikapo dakika ya 60 uwe umevuka swali la 75. Anza mazoezi ya namna hiyo sasa, kwa maswali 36 katika dakika 30, hadi mkono uzoee kuacha. Watu wenye bidii ndio wanaoteseka hapa, maana hawapendi kuacha kitu nusu.

Kuhusu nyumbani, masharti ni makali. Uwe peke yako katika chumba kilichofungwa mlango, na kompyuta yenye kamera na kipaza sauti, kwa kuwa simu na tableti haziruhusiwi. Msimamizi atakuona na kukusikia wakati wote, na atakutaka uzungushe kamera aone chumba kizima. Daftari la kawaida haliruhusiwi, ila kibao kidogo cheupe cha kufutika kinaruhusiwa. Kama kwenu watoto hugonga mlango au jirani hupiga redio, omba chumba cha mtu mwingine kwa saa tatu. Ofisi ya kanisa, msikiti au shirika siku ya mapumziko hufaa, mradi pasiwe na mtu atakayeingia. Tumia kompyuta ambayo betri yake umeijaribu ikadumu zaidi ya saa mbili bila umeme, uunganishe intaneti ya modemu isiyotegemea umeme wa nyumba, na uwe na laini ya mtandao mwingine iliyojazwa bando tayari. Fanya jaribio la kompyuta linalotolewa na ETS ukiwa katika chumba kile kile na kwa saa ile ile ya mtihani, kwa sababu kasi ya mtandao asubuhi si ile ya jioni.

Jina ulilojiandikishia lilingane na la pasipoti herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu katika kitambulisho na mawili katika vyeti, na tofauti hiyo imewazuia watu mlangoni. Saa ya mtihani huandikwa kwa mtindo wa kimataifa, kwa hiyo 14:00 ni saa nane mchana.

Mwisho, omba zamu zako zibadilishwe mapema. Usiingie kwenye mtihani ukitoka zamu ya usiku, na ikiwezekana ulale usiku mara mbili au tatu mfululizo kabla ya siku hiyo, kwa kuwa usingizi ndio unaokaza yale uliyojifunza na kukupa utulivu wa kusoma swali hadi mwisho wake. Mweleze muuguzi mkuu wa wodi tarehe yako leo, kabla ratiba ya mwezi ujao haijabandikwa.